Haki ya Jicho Mbele ya Mizani

Mizani inapoulizwa kama inasema kweli, mazoea ni kuangalia matumbo yake: springi kama haijalegea, mkono kama haujapinda, mawe kama hayajalika, na stika ya mkaguzi kama haijapitwa na wakati. Uso wa mizani, yaani lile duara lenye tarakimu na mshale, huchukuliwa kuwa dirisha tu, ambalo kupitia kwake mtu huuona ukweli uliokwisha kukamilika ndani. Mazoea hayo yana kasoro, na kasoro yenyewe si ya ufundi peke yake. Kipimo hakikamiliki ndani ya chombo. Hukamilika pale jicho la mwenye haki linapoifikia tarakimu, na kwa sababu hiyo ukubwa wa tarakimu na mwanga unaoiangukia ni sehemu ya uadilifu wa mizani kama ilivyo springi yake. Swali hili ni la kifalsafa kwa kuwa linauliza ukweli uko wapi, kwenye kitu au kwenye kujulikana kwake; nalo ni la kidini kwa kuwa Taurati na Kurani zilikwisha kuiweka mizani ya sokoni chini ya jicho la Mungu karne nyingi kabla serikali yoyote ya Afrika Mashariki haijaiwekea mkaguzi.

Swali hili lafaa kuchunguzwa mahali ambapo mizani hufanya kazi katika hali zake za kila siku, si maabara. Oldonyo Sambu ni kata ya Wilaya ya Arusha iliyo kwenye miteremko ya kaskazini-magharibi ya Mlima Meru, kando ya barabara kuu itokayo jijini Arusha kwenda Namanga. Jina lake ni la Kimaasai, na oldoinyo katika lugha hiyo ni mlima. Upande huu ni mkavu kuliko ule wa kusini wenye migomba na kahawa, kwa kuwa mlima wenyewe huzikinga mvua, na vumbi lake ni la udongo wa volkano, laini kama unga wa sembe, ambalo halichagui pa kutua. Hapa mazao ya mlimani, viazi mviringo, maharage na mahindi, hukutana na mbuzi, kondoo na ng'ombe wa nyanda za chini, na wakulima wa Kiarusha hukutana na wafugaji wa Kimaasai ambao kwa lugha ni ndugu zao.

Katika soko la namna hii upimaji uko wa aina tatu, na kinachozitofautisha zaidi ni kiasi ambacho kila moja inalitegemea jicho. Mifugo huuzwa kwa kutazamwa na kushikwa: mnunuzi hupapasa mgongo wa mbuzi, huushika mkia wa kondoo kuona mafuta yake, hurudi nyuma hatua tatu akamtazama ng'ombe mzima, na hakuna tarakimu yoyote mpaka bei inapotajwa. Nafaka na viazi huuzwa kwa debe na kwa sado, lile kopo la rangi ambalo limerithi jina la rangi iliyokuwa ndani yake. Kipimo hiki nacho hakina tarakimu, ila kina ukingo, na kiganja kikipita juu ya ukingo huo hujua kama kopo limejaa au limepunguzwa, hata iwe usiku wa giza, hata mwenye kiganja awe kipofu. Aina ya tatu ni mizani ya mshale, inayotumika kwa nyama, nyanya na vitunguu. Hiyo ndiyo sahihi kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo mnunuzi anaweza kusimama mbele yake asijue lolote. Hata lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba cha ziada, ambalo limepigwa vita kwa miaka mingi, ni dhuluma ya wazi: kila apitaye huiona nundu yake. Mizani yenye uso hafifu inaweza kudhulumu bila kujitokeza, na inaweza pia, jambo lililo gumu zaidi kulifikiri, isidhulumu hata gramu moja na bado ikamnyima mnunuzi kitu kilicho chake.

Uso wa mizani ya kuning'inia ukitazamwa kwa karibu unalieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia. Ni bati la duara lililopakwa rangi nyeupe, ambayo kwa miaka imegeuka njano kama jino la mvuta tumbaku, na juu yake zimechapwa tarakimu nyeusi za kilo, na kati ya tarakimu na tarakimu vistari vya gramu, vingine virefu na vingine vifupi. Mbele ya bati kuna mshale, na mbele ya mshale kuna kioo, au mara nyingi plastiki angavu, iliyokwaruzwa na vitambaa vyenye vumbi na kupata ukungu wa mafuta ya vidole. Mshale haugusani na bati, na pengo lililopo kati yao huzaa kosa liitwalo paralaksi, yaani kuhama kwa kitu kinapotazamwa kutoka pembeni. Tuseme duara la vistari lina kipenyo cha sentimita 20 na mzunguko mmoja ni kilo 10: kila gramu 100 hupata nafasi ya milimita 6 na kidogo. Mshale ukiwa umesimama wima, milimita 5 mbele ya bati, mtu aliye pembeni kwa nyuzi 30 atauona umehama karibu milimita 3, ambazo ni gramu 46 hivi. Muuzaji aliye mbele na mnunuzi aliye ubavuni wanaisoma mizani moja, kwa nia njema wote wawili, nayo inawapa majibu mawili.

Ukubwa wa tarakimu nao haupimwi kwa rula peke yake, kwa kuwa jicho halijui milimita, linajua pembe. Tarakimu iliyo mkononi na nyumba iliyo ng'ambo ya bonde zinaweza kuchukua nafasi ileile ndani ya jicho, na nafasi hiyo ndiyo pembe ya kuonea, ambayo hugawanywa kwa dakika, kila dakika ikiwa sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alipotoa mwaka 1862 ubao wa herufi ambao hadi leo hutundikwa katika kliniki za macho, aliufanya msingi wake uwe herufi inayochukua dakika 5, sawa na kimo cha milimita 8.7 kwa mtu aliye umbali wa mita 6. Hicho ni kikomo cha jicho zima, mchana, la mtu aliyetulia. Mwenye kapu mkononi, mtoto mgongoni na gari linalopiga honi barabarani hawezi kudaiwa kikomo hicho. Kwa hiyo wasanifu wa vyombo hufuata kanuni ya kiasi zaidi, kwamba kimo cha tarakimu kisipungue sehemu ya 200 ya umbali wa msomaji, yaani milimita 10 kwa aliye mita 2. Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, lililoundwa mwaka 1955 na lenye makao yake Paris, limefikia jibu linalokaribiana na hilo: pendekezo lake namba 76 linataka mizani za kuuzia umma ziwaonyeshe muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, na kwa zile za kidijitali, tarakimu inayomwelekea mnunuzi isipungue kimo cha milimita 9.5. Kifungu hicho kimekaa ndani ya andiko lililojaa habari za joto, mtikisiko na ukomo wa makosa, lakini ni sentensi ya maadili: kinamtambua mnunuzi kuwa msomaji halali wa mizani ambayo si mali yake.

Jicho lenyewe halibaki lilivyo. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi yake hupoteza unyumbufu, na mtu huanza kurefusha mkono ili asome kilicho karibu. Madaktari huiita hali hiyo presibiopia. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 uliikuta kwa takriban asilimia 62 ya watu wa vijijini wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Kufikia miaka 60, mboni iliyosinyaa na lenzi iliyogeuka manjano huruhusu kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga ufikao kwenye retina ya kijana wa miaka 20. Bibi aliyejifunza kusoma katika madarasa ya kisomo, baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, anaweza basi kuwa alimshinda adui ujinga, akaijua 7 na kuiandika, kisha akashindwa na 7 yenyewe kwenye bati la njano.

Mwanga una hila kuliko ukubwa, kwa sababu ukubwa haubadiliki saa hadi saa. Jua la mchana hutoa mwanga unaofikia laksi 100,000, laksi moja ikiwa ni mwanga wa mshumaa mmoja ulio umbali wa mita moja. Mwezi mpevu hautoi hata nusu laksi. Na jicho hufanya kazi kati ya ncha hizo mbili kwa kubadilisha zana. Kwenye mwanga mwingi hutumika seli za retina ziitwazo koni, ambazo huona rangi na vitu vidogo, na ndizo zilizojazana katikati ya retina ambapo mtu husomea. Giza likiingia kazi hupokewa na seli nyingine, fimbo, zinazohisi mwanga hafifu mno, lakini pale katikati hazipo kabisa, na vistari vya gramu haziviwezi. Ndiyo maana wakati wa machweo mtu huiona mizani, huuona na mshale, ila hawezi kusema umesimama wapi hasa. Arusha, kama kwingine karibu na Ikweta, jua huzama karibu na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima na utusitusi wake hudumu dakika ishirini na ushei tu. Na hiyo ndiyo saa ambayo mabaki ya nyanya huuzwa kwa haraka na watokao mbali huwahi gari. Koroboi husaidia ikiwa karibu, kwa kuwa umbali wake ukiongezeka maradufu mwanga wake hushuka hadi robo. Tochi ya simu husaidia zaidi, lakini ikielekezwa kwenye kioo moja kwa moja humrudishia msomaji mwako mweupe badala ya tarakimu. Sharti ishikwe kwa upande. Mchana nako kuna mitego yake: turubai la buluu hukipaka kila kitu rangi yake na kupunguza utofauti kati ya weusi wa tarakimu na weupe wa bati, tarakimu nyekundu za kuwaka za mizani ya kidijitali hufifia zikipigwa na jua, ilhali zile za kijivu zisizo na taa ya nyuma husomeka vizuri juani na kupotea ifikapo magharibi.

Tamaa ya kuisoma tarakimu gizani imewahi kugharimu maisha ya watu, na habari hiyo haiko mbali na wasemaji wa Kiswahili kama inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1910 na 1920 nyuso za saa na za vyombo vya ndege zilipakwa rangi yenye radiumu ili zing'ae usiku, na wasichana wa viwanda vya New Jersey na Illinois nchini Marekani walielekezwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao ili tarakimu zitoke nyembamba na safi. Wakaimeza sumu, taya zao zikaoza, na baadhi yao walikwisha kufa kabla kesi ya New Jersey haijamalizwa kwa maafikiano mwaka 1928. Kuanzia mwaka 1922 soko la radiumu duniani lilishikwa na Wabelgiji, walioipata kutoka madini ya Shinkolobwe huko Katanga, sehemu ya Kongo ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya migodini na ya mijini. Radiumu hupungua nusu kwa muda wa miaka 1,600, lakini unga wa kemikali unaogeuza mnururisho wake kuwa mwanga huchoka baada ya miongo michache, na kwa hiyo saa nyingi za zamani zimeacha kusomeka gizani pasipo kuacha kuwa na sumu. Usomekaji, basi, si wema usio na bei, na anayeudai hana budi kuuliza pia ni nani anayeulipia. Bahati njema ni kwamba kioo cha mizani hufutwa kwa kitambaa.

Mwanafalsafa aliyelifikiri jambo hili kwa kina kuliko wote wa zama zake alikuwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufariki karibu na mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir, kitabu chake cha elimu ya kuona, alidai kwamba kuona kuna masharti, akayataja: umbali ulio wa kadiri, kitu kuelekeana na jicho, mwanga, ukubwa wa kitu, kitu kutokuwa angavu kupita kiasi, uangavu wa hewa iliyo kati, muda wa kutosha wa kutazama, na uzima wa jicho. Kosa la kuona, kwa maelezo yake, hutokea pale sharti mojawapo linapotoka nje ya kiasi. Uzito wa hoja hiyo ni kwamba imeliondoa kosa kwenye jicho peke yake na kwenye kitu peke yake, ikaliweka katika hali zilizopo kati yao. Na hali, tofauti na jicho au kitu, mara nyingi zina mwenyewe, mtu anayezipanga.

Yakichukuliwa masharti hayo manane hadi kibandani, huonekana mara moja kwamba sita yako mikononi mwa muuzaji. Yeye ndiye huamua mnunuzi asimame umbali gani, mizani ielekee wapi, taa itundikwe wapi, inunuliwe mizani yenye tarakimu za kimo gani, na kioo kifutwe lini. Na yeye ndiye mwenye muda, kwa kuwa mkono wake ndio huliondoa sinia kabla mshale haujaacha kucheza au huliacha mpaka utulie. (Mwendo huo wa kuwahi sinia ni mdogo na wa haraka, na pengine ni hila ya zamani kuliko zote zilizobaki kwenye mizani ya mshale.) Mnunuzi amebakiwa na afya ya jicho lake, ambayo hakuichagua. Kumwambia kwamba angepaswa kutazama vizuri zaidi ni kumdai asichokuwa nacho.

Vitabu vitukufu havikutaja uso hafifu wa mizani, na kuna sababu. Mambo ya Walawi katika sura ya 19, Kumbukumbu la Torati katika sura ya 25, Mithali katika sura ya 11 na nabii Amosi katika sura ya 8 vinalaani mawe ya uongo na vibaba vilivyopunguzwa. Kurani inasimulia jinsi Nabii Shuaibu alivyowaonya watu wa Madyan juu ya kupunja, inaifungua sura ya 83 kwa kuwatishia wapunjaji, na katika sura ya 55 inaitaja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, kana kwamba ulinganifu wa sokoni na ulinganifu wa ulimwengu ni amri moja. Lakini mizani iliyozoeleka enzi hizo ilikuwa ya mti na sahani mbili. Haikuwa na tarakimu. Mti ukilala sawa kila mtu aliuona umelala sawa, msomi na asiyesoma, kijana na mzee, tena kutoka mbali, na kwa hiyo njia kuu ya kudanganya ilikuwa kulichezea jiwe. Mizani ya springi ndiyo iliyoyaficha mapambano ya uzito na uzito ndani ya bati na kuyaleta nje kama habari tu, ya kusomwa na anayeweza. Mwenye kushikilia kwamba dini imekataza jiwe la uongo tu, na kwamba bati lisilosomeka halimo, ameyashika maneno ya katazo akaiacha sababu yake.

Sababu hiyo inaonekana wazi zaidi katika mapokeo ya Kiislamu kuhusu soko. Imepokewa katika mkusanyo wa hadithi wa Muslim kwamba Mtume alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, akakuta umajimaji chini ya nafaka kavu. Mwenye rundo akajitetea kuwa ni mvua, naye akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile yenye maji juu, watu waione. Katika kisa hicho nafaka haikupunguzwa, na wala muuzaji hakuilowesha. Lawama ilimwangukia kwa sababu ya mpangilio: kilichomhusu mnunuzi kilikuwepo, ila kilikuwa mahali ambapo jicho halifiki. Kwa mizani iliyogeuzwa uso kuelekea ndani ya kibanda, ulinganisho unakuja wenyewe.

Fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani ya Waswahili na kufundishwa kupitia vitabu kama Minhaj ya Imam Nawawi, ilikwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wa msimamo wake unaotegemewa, kipofu hanunui wala hauzi mwenyewe kitu kilichopo ambacho sharti lake ni kuonwa. Humweka wakili amwonee. Madhehebu mengine matatu makubwa ya Sunni yalikuwa na wepesi zaidi, yakaruhusu kupapasa, kunusa au kuelezwa, na huenda msomaji wa leo akaiona hukumu ya Shafii kuwa ngumu kwa mlemavu. Ila ndani yake limo wazo la thamani: kwamba kuona ni nguzo ya mkataba wenyewe, wala si starehe ya mnunuzi, na kwamba pasipo kuona hubaki gharar, yaani hatari ya kutojua unachokinunua. Wanazuoni hao walimfikiria mtu asiyeona kwa sababu ya jicho lake. Saa moja usiku, chini ya turubai, kila mnunuzi ni kipofu kwa sababu ya taa.

Mtu anaweza kupinga kwamba ukweli hauhitaji mtazamaji: nyama ya kilo mbili ni ya kilo mbili, iwe imetazamwa au haikutazamwa. Kauli hiyo ni sahihi kuhusu uzito, wala hakuna haja ya kuikana. Lakini uzito na kipimo si kitu kimoja. Uzito ni wa nyama, nao ungekuwepo hata kama hakuna binadamu. Kipimo ni ushahidi juu ya uzito, unaotolewa na chombo, kwa mtu, kwa ajili ya haki fulani, na ushahidi uliotolewa kwa sauti isiyosikika mahakamani haukutolewa. Shahidi huyo hakusema uongo. Hakimu, hata hivyo, hawezi kuhukumu kwa maneno yake.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande wa uaminifu. Biashara ndogo za Arusha, kama za pwani na za bara lote, husimama juu ya mazoea ya muda mrefu kati ya muuzaji na mteja wake, kiasi kwamba kuikodolea macho mizani ya mtu unayemfahamu kunaweza kuhesabiwa utovu wa adabu. Kijana akimwambia mama wa Kiarusha, "Kilo mbili kamili, yeyo," yaani mama, naye akajibu, "Sawa, mwanangu," kisha akafungua fundo la khanga bila kuutazama mshale, kimefanyika kitu chema ambacho mizani haiwezi kukifanya. Hoja ya usomekaji haikipingi kitu hicho, inakilinda. Amana hutolewa na mwenye uwezo wa kuizuia: mama anayeweza kusoma na akaamua kutosoma amempa kijana heshima, bali yule asiyeweza kusoma kwa sababu uso umegeuzwa au taa imewekwa nyuma ya bati hakutoa chochote, amenyang'anywa uchaguzi na kisha akashukuriwa kwa imani yake. Kwa nje matendo hayo mawili hayatofautiani hata kidogo, na ndiyo sababu tendo la pili hudumu miaka mingi chini ya jina la lile la kwanza.

Wala isidhaniwe kwamba tarakimu kubwa yenye mwanga ndiyo mwisho wa kazi. Mwaka 1947 wanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 270 vilivyosimuliwa na marubani kuhusu makosa ya kusoma vyombo vya ndege, na kosa lililojirudia sana lilikuwa la altimita, saa ya kupimia kimo, iliyokuwa na mishale mitatu: rubani aliisoma vema mishale miwili na kuukosea mmoja, akajidhania yuko futi 1,000 juu zaidi au chini zaidi ya alipo. Hapo taa iliwaka na tarakimu zilionekana. Kilichokosekana ni maana moja isiyo na njia panda. Mizani ya kidijitali ina mtego unaofanana na huo, kwani tarakimu zake hung'aa na hazina vistari vya kubishania, lakini mnunuzi asipoiona sifuri kabla bakuli halijawekwa, mng'ao wote ule unampa uzito wa nyama na wa bakuli kwa pamoja. Waswahili wenyewe ni mashahidi kwamba kusoma si kupokea tu kilichoandikwa: mbele ya Mnara wa Saa jijini Arusha, mshale mfupi ukielekea 10 asubuhi, mpita njia husema ni saa nne, bila kufikiri na bila kukosea, kwa kuwa jamii yake imemfundisha kuhesabu saa tangu jua lichomozapo. Anayeusoma uso ule hutazama mkao wa mshale kuliko tarakimu, na hapo ndipo duara linapoizidi dijitali: mwanga ukipungua, tarakimu hufa kwanza na mkao wa mshale hubaki kwa muda.

Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tangu mwaka 2002 ina Wakala wa Vipimo unaohakiki mizani na kuzibandika stika. Uhakiki huo ni wa lazima na una faida kubwa, ila hufanywa mchana, na mtu aliyezoea vyombo, aliyesimama mbele ya uso wa mizani. Kwa maneno ya Ibn al-Haytham, hufanywa pale masharti yote manane yanapotimia. Stika inathibitisha kwamba mizani inaweza kusema kweli. Saa moja usiku haiwezi kuthibitisha kwamba imeisema kwa mtu yeyote. Muuzaji wa Oldonyo Sambu mwenye mizani sahihi, aliyeining'iniza juu ya kichwa cha mnunuzi, ikiwa imegeukia ndani na taa ikiwa nyuma yake, hajapunja kitu. Ila hajauza kwa kipimo pia. Ameuza kwa kukisia, na bei ya kukisia ilipaswa kuwa ya mapatano, kama ya mbuzi.